Kuhamia Ipagala: Hama Mzima au Baki Mzima

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam yamekuwapo mazungumzo ambayo huanza baada ya chakula cha usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala, na ambayo aghalabu hayafiki mwisho. Baba au mama amepata barua ya kwenda kufanya kazi Dodoma. Au hakupata barua, bali amesikia kwamba huko viwanja vipo, biashara ipo na foleni ya magari si ya kutisha. Swali ni moja: je, tuhame?

Makala hii haikusudii kukujibia swali hilo, maana kila nyumba ina hesabu yake. Inakusudia kukupangia mezani mambo yanayopaswa kupimwa kabla ya kufunga mizigo, na kukutahadharisha juu ya jibu moja ambalo wengi hulichagua bila kujua kwamba wamelichagua.

Na ili tusizungumze hewani, tuchukue mahali pamoja. Ipagala ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki wa katikati ya mji, upande uleule ambao msafiri atokaye Morogoro huingilia. Jirani yake ni Nzuguni, penye kituo kikuu cha mabasi na soko kubwa. Ukiendelea mbele kwa njia hiyohiyo utafika Mtumba, ulikojengwa Mji wa Serikali. Kwa hiyo Ipagala iko katikati ya shughuli: nyuma yake mji wa zamani wa reli, mbele yake ofisi mpya. Si ajabu kwamba mgeni mwenye kutafuta chumba cha kupanga au kiwanja cha kujenga hutajiwa jina hilo mapema.

Anga la huko ni pana. Ardhi ni ya tambarare kavu iliyokatwa na vilima vya mawe, na mibuyu husimama kama wazee wa baraza. Nyumba mpya zenye bati za rangi zimejipanga, na katikati yake kuna viwanja ambavyo bado ni vichaka, na kuta ambazo hazijaezekwa, zikimsubiri mwenyewe apate fedha. Mtu aliyezoea Manzese au Buguruni, ambako dirisha lako hutazamana na dirisha la jirani, hushangaa kwanza, kisha huvuta pumzi.

MIAKA ARUBAINI NA MITATU YA NJIA MBILI

Kabla ya kuipima nyumba yako, yafaa kukumbuka jinsi nchi yenyewe ilivyohama, kwa maana somo limo humo.

Mwaka 1973 chama cha TANU, baada ya kuyauliza matawi yake, kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma, katikati ya nchi. Ilitarajiwa kwamba kazi hiyo ingechukua miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa herufi za CDA, iliundwa mwaka huohuo. Mwaka 1976 mpango wa mji ulikuwa tayari, kazi ya wataalamu kutoka Toronto, Kanada: mji usiotukuza maghorofa, wenye vitongoji ambavyo watu wake wangeweza kutembea kwa miguu na kupanda basi.

Lakini karatasi haikuwa na haraka ya kugeuka matofali. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba, na miaka kumi ikapita. Bunge lilihamishia mikutano yake Dodoma mwaka 1996, ila wizara zikabaki Pwani. Basi kila mkutano wa Bunge ukawa na msafara wake: mawaziri, makatibu, madereva na mafaili yakapanda bara, kisha yakashuka tena pwani.

Ni tarehe 25 Julai 2016 ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali ingehama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, Desemba 2017. Na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Sensa inaonyesha yaliyofuata: eneo lililokuwa Manispaa ya Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, mwaka 2022, likiwa Jiji, lilikuwa na watu 765,179.

Hesabu mwenyewe: tangu 1973 hadi 2016 ni miaka 43. Katika miaka hiyo yote nchi ilikuwa na uamuzi wa kuhama lakini haikuwa na siku ya kuhama. Ilikuwa na makao makuu mawili, na ililipia yote mawili. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hatari iliyopo, ndugu msomaji, ni kwamba ugonjwa huo umetoka maofisini na kuingia majumbani.

MEMA YA IPAGALA

Tuanze na mema. La kwanza ni hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini hewa ni kavu na jasho halikugandi mwilini kama Dar es Salaam mwezi Februari. Usiku hupoa, na mwezi Juni na Julai baridi hukulazimisha kutafuta blanketi ambalo ukiwa Pwani ulilisahau kabatini.

La pili ni afya. Dodoma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizo machache kabisa ya malaria. Hii haimaanishi kwamba utupe chandarua. Mbu wapo, na mtoto anayesafiri kwenda likizo Pwani anaweza kurudi na homa. Lakini mama aliyehesabu usiku aliokesha na mtoto mwenye homa ataielewa thamani yake. Kwa magonjwa makubwa ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, ingawa wapo wagonjwa ambao bado hupelekwa Muhimbili.

La tatu ni wakati. Mfanyakazi wa Mbagala anayefanya kazi Posta hutoka nyumbani watoto wakiwa wamelala na kurudi wakiwa wamelala tena. Huwaona kwa macho siku ya Jumapili. Mfanyakazi wa Mtumba anayekaa Ipagala anaweza kurudi jua likiwa bado lipo, akamwuliza mtoto alichojifunza shuleni. Saa mbili zilizookolewa kila siku hazionekani kwenye mshahara, lakini zinaonekana kwenye malezi.

La nne ni chakula cha bara. Zabibu za Dodoma zinajulikana; mzabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Karanga, alizeti, ubuyu, uwele na mtama ni vitu vya nyumbani, na mahindi ya Kibaigwa hayako mbali. Mlenda kwa ugali wa uwele, ukishauzoea, ni chakula cha kukufanya usahau kwamba ulipokuja ulikuwa unaulizia nazi.

MAZITO YAKE

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani, na tuanze na lililo zito kuliko yote: maji.

Dar es Salaam hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, katika misimu miwili, masika na vuli. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 hivi, katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine saba anga hufungwa. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Vipimo vya kina cha maji ya bonde hilo vimetunzwa tangu miaka ya 1950, na wataalamu walipovichambua waliona jambo la kutafakari: maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, na ule wa 1997 na 1998 ulikuwa mkubwa kupita yote. Maana yake ni kwamba mji hunywa kila siku kutoka katika chungu ambacho Mungu hukijaza mara moja moja.

Kwa hiyo anayehamia Ipagala asiulize tu kodi ya nyumba ni kiasi gani. Aulize bomba hutoa maji siku ngapi kwa juma, na nyumba ina tangi la lita ngapi. Kama unajenga, fanya hesabu hii. Paa la mita za mraba 100, likipata mvua ya milimita 500, hupokea lita 50,000. Tuseme 10,000 zinapotea njiani. Unabaki na 40,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia lita 120. Mvua ya paa lako ingeweza kuwatosha kwa zaidi ya miezi kumi! Tatizo ni pa kuyaweka, kwa maana tangi la lita 5,000 huisha kwa siku 41. Mwenye busara hujenga kisima cha kuhifadhia chini ya ardhi kabla ya kununua makochi.

Zito la pili ni vumbi na upepo, hasa katikati ya mwaka. Midomo hupasuka, macho huwasha, na sakafu iliyofagiliwa asubuhi hudai ufagio mwingine mchana. Wazazi wenye watoto wadogo wasilidharau hili. Katika Wilaya ya Kongwa, mkoani humohumo, watafiti waliuchunguza kwa miaka mingi ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao usipotibiwa huweza kupofusha, nao walithibitisha kwamba kuosha nyuso za watoto mara kwa mara husaidia kuuzuia. Ushauri huo hauna gharama kubwa. Unahitaji kikombe cha maji na mama au baba asiyechoka.

Zito la tatu ni riziki ya yule asiyeajiriwa. Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huhamisha kazi ya watu wawili. Mke anayeshona nguo Temeke, au anayeuza samaki Feri, ana wateja waliomjua kwa miaka kumi. Wateja hao hawapakiwi kwenye lori. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022; soko la ukubwa huo halipatikani Majengo wala Sabasaba. Mume anayesema "tutahama" pasipo kuuliza biashara ya mkewe itahamaje, hajapiga hesabu. Amepiga nusu ya hesabu. Na kama barua ni ya mke, mume naye apimwe kwa kipimo hichohicho.

Zito la nne ni ndugu. Pwani una shangazi wa kumwachia mtoto, jirani wa kukukopesha chumvi, na wazee wanaokuja kusuluhisha ugomvi. Ipagala utaanza upya. Na mama mzazi mwenye umri mkubwa, aliyekaa Kigamboni maisha yake yote, asihamishwe kama meza. Aulizwe.

SOMO LA KONGWA

Kongwa hiyohiyo ina somo jingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa, mamilioni ya pauni yakamwagwa, na visiki vya Ugogo vikavunja majembe ya chuma. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Wakulima waliokuwapo kabla ya matrekta walijua kwamba ardhi ile ina miaka yake ya njaa. Walikuwa wakikumbuka Mtunya, njaa kuu iliyowapiga Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini nani aliwauliza?

Nawe unapohamia Ipagala ni mgeni mahali penye wenyewe. Wagogo walijenga tembe zao, nyumba za paa la udongo lililo bapa, zinazohimili jua na upepo, muda mrefu kabla ya ramani ya Toronto. Nao wanajua kuhamishwa ni nini: katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, maelfu yao walitolewa katika makazi yao yaliyotawanyika wakapelekwa vijijini, na baadaye mji mkuu ukahitaji ardhi yao tena. Jifunze basi kusema "Mbukwenyi" unapowakuta wazee wamekaa, kabla ya kuuliza bei ya kiwanja. Salamu hiyo hufungua milango ambayo fedha hugonga bila kuitikiwa. Mwenyeji ndiye atakayekuambia maji ya mvua hupita wapi, ili usijenge nyumba yako kwenye njia yake.

Na ukifikia hatua ya kununua, usinunue kwa neno la mdomo. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikakabidhiwa kwa halmashauri ya mji, na migogoro ya kiwanja kimoja kudaiwa na watu wawili si jambo geni. Nenda Halmashauri ya Jiji ukahakiki namba ya kiwanja na jina la mmiliki, kisha nenda ukakione kiwanja chenyewe kwa miguu yako. Wala usibane fedha kwenye msingi na nondo: Dodoma iko katika ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara.

JIBU AMBALO HALIKUCHAGULIWA

Sasa tufike kwenye tahadhari niliyoiahidi. Kati ya kuhama na kubaki kuna jibu la tatu, nalo ndilo wengi hujikuta ndani yake: baba amepanga chumba Ipagala, mama na watoto wamebaki Dar es Salaam, na kila mmoja anasema "kwa sasa". Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Ilianza kwa mwezi mmoja, ikawa muhula, ikawa mwaka.

Zamani safari ndefu ya basi ilimlazimisha mtu kuamua. Lakini tarehe 25 Julai 2024, miaka minane kamili tangu lile tangazo la kuhama, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari ya kilomita zaidi ya 400 ikawa ya saa nne au pungufu. Ni neema kubwa kwa nchi. Kwa familia ni neema pia, ila yenye kishawishi ndani yake: imeirahisisha nusu ya kuhama.

Tupige hesabu. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa mtu mzima, daraja la kawaida, ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Akisafiri mara mbili kwa mwezi ni 124,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,488,000. Ongeza kodi ya chumba cha pili, godoro la pili, jiko la pili na chakula cha mgahawani. Fedha hiyo haijengi ukuta Ipagala, wala hailipi ada Dar es Salaam. Inateketea njiani.

Na hiyo ni gharama inayohesabika. Iko nyingine. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne anayemwona baba yake siku nne kwa mwezi hujifunza uanaume kwa watu wengine. Mama huwa baba kwa siku ishirini na sita, kisha hutakiwa kuwa mke kwa siku nne; naye baba hurudi nyumbani kwake kama mkaguzi, akiuliza kwa nini hiki kimevunjika na kile hakijalipwa. Ndoa nyingi haziharibiwi na ugomvi mkubwa. Huharibiwa na safari.

Sisemi kwamba kila familia iliyotengana imekosea. Mtoto aliye darasa la saba au kidato cha nne asing'olewe shuleni katikati ya mwaka. Mwache afanye mtihani wake. Mke anahitaji muda wa kufunga hesabu na wateja. Mgonjwa anahitaji kumaliza matibabu. Hizo ni sababu, na kila moja ina mwisho wake. Kinachoua ni kutengana kusikokuwa na mwisho.

Basi fanyeni hivi. Kaeni wote wawili, na watoto wakubwa wawepo. Andikeni kwenye karatasi mema na mazito kama tulivyofanya hapa, kila mtu ya kwake. Kabla ya kuamua, mke, au yule ambaye barua haina jina lake, aende akakae Ipagala majuma mawili, tena mwezi wa Septemba wakati vumbi linavuma na maji ni ya mgawo, wala si mwezi wa Machi wakati kila kitu ni kijani. Akiweza kuipenda Septemba, ataiweza miezi yote. Kisha amueni. Mkiamua kuhama, wekeni tarehe, na iwe Desemba, ili watoto waanze mwaka wa masomo Januari pamoja na wenzao. Mkiamua kubaki, mwenye barua aombe kubadilishiwa kituo au atafute kazi nyingine mapema, wala asijidanganye kwamba treni itamlelea watoto. Na mkiamua kutengana kwa muda, andikeni siku ambayo muda huo utakwisha, muibandike ukutani.

Nchi yetu iliweza kuvumilia miaka 43 ya kuwa na miguu katika miji miwili, kwa kuwa nchi haizeeki upesi. Mtoto huzeeka upesi. Katika miaka mitano tu ya "kwa sasa", aliyekuwa anajifunza kusoma atakuwa amekwisha kujua kuficha siri.

Ukipita Ipagala wakati wa kiangazi, tazama nyua za nyumba. Utaona ua wenye mwarobaini au mwembe mchanga wenye majani mabichi, na ua wa pili wenye kijiti kikavu kilichozungushiwa miiba. Udongo ni uleule na mvua ni ileile. Mti mchanga wa Dodoma unataka ndoo ya maji kila jioni kwa miezi saba, na hauwezi kungoja mtu anayeondoka kila Ijumaa.